Kompyuta ya Zamani: Uiwekee Diski ya SSD, Uiongezee RAM, au Utafute Nyingine?

Kompyuta iliyofikisha miaka minane au kumi hulaumiwa kwa uzee ambao si wake wote. Prosesa iliyoweza kufungua nyaraka, kucheza video na kukokotoa majedwali makubwa siku ilipotoka kiwandani haijapoteza uwezo huo. Kilichobadilika ni mzigo: mfumo endeshi umenenepa, vivinjari vimekuwa vizito, programu za kuzuia virusi na za kujisasisha zinahangaika nyuma ya pazia muda wote, na zote zinagombea diski moja ambayo kwa kila ombi lazima isogeze kipande cha chuma kutoka mahali kwenda mahali. Ushauri wa kuweka diski ya SSD, inayohifadhi data kwenye chipu bila kitu kinachozunguka, umeenea kwa sababu hiyo, na mara nyingi ni ushauri mzuri. Hata hivyo, zipo kompyuta ambazo haja yake ya kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizofunguliwa, na zipo ambazo hazistahili kugharimiwa chochote tena. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea: kwa kompyuta nyingi za umri huo, SSD ya kawaida ya SATA (aina ya kiunganishi inayotumiwa pia na diski za kuzunguka), ile ya inchi 2.5 isiyo na sifa za kutisha kwenye boksi lake, ndiyo chaguo bora, mradi iwe imethibitika kwamba kinachosubiriwa ni diski.

Kwanza, kompyuta inasubiri nini?

Uthibitisho huo hauhitaji fundi. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa unaoonyesha utendaji wa mashine, kisha fanya jambo lile lile ambalo huwa linakuudhi: fungua kivinjari, au washa kompyuta upya na ulifungue dirisha hilo mara tu unapoweza. Ikiwa diski inaonyesha asilimia 100 na kubaki hapo kwa dakika nzima, huku prosesa ikiwa kwenye asilimia 15 na RAM ikiwa na nafasi, umepata jibu. Ikiwa RAM imejaa na diski nayo iko kwenye asilimia 100, tatizo ni RAM linalojificha ndani ya diski, kwa kuwa mfumo endeshi unapokosa nafasi kwenye RAM huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na kazi hiyo haina mwisho. Ikiwa prosesa ndiyo iliyo kwenye asilimia 100 na mengine yametulia, SSD itaharakisha kuwaka kwa kompyuta lakini haitaponya ugonjwa wenyewe. Hapo ni vyema kusafisha vumbi kwenye feni kabla ya lolote, kwa sababu prosesa inayopata joto kali hujipunguzia kasi ili isiungue.

Katika dirisha hilo hilo kuna jambo linalowashangaza wengi: diski imefika asilimia 100, lakini kasi iliyoandikwa chini yake ni megabaiti 1 au 2 tu kwa sekunde. Inakuwaje diski inayoweza kusoma megabaiti 100 kwa sekunde ishindwe na mbili?

Jibu liko kwenye mzunguko. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Data inayotakiwa huweza kuwa popote kwenye sahani, hivyo kichwa cha kusomea husubiri kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 5 na nusu, baada ya kuwa tayari kimetumia milisekunde kadhaa kuhama kutoka njia moja hadi nyingine. Ukijumlisha vyote unapata karibu milisekunde 15 kwa kila ombi, ambayo ni sawa na maombi 60 au 70 kwa sekunde. Kama kila ombi ni kipande cha kilobaiti 4, kama yalivyo maombi mengi mfumo unapowaka, diski hiyo inayosifika kwa megabaiti 100 inatoa chini ya megabaiti 1. Imejaa kazi kweli, ila kazi yenyewe ni kutembea.

SSD haina sahani wala kichwa. Data imo ndani ya chipu, na kuifikia huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde, au pungufu ya hapo. Ukilinganisha usomaji wa faili moja kubwa iliyopangwa mfululizo, SSD ya SATA inafika megabaiti 550 kwa sekunde dhidi ya 100 hivi za diski ya kuzunguka, tofauti ya mara tano. Ukilinganisha vipande vidogo vilivyotawanyika, tofauti inavuka mara mia moja kwa urahisi. Tofauti ya kwanza ndiyo huandikwa kwenye maboksi, lakini ya pili ndiyo huonekana mezani.

SATA au NVMe

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezea fedha. SSD za NVMe, zile vijiti vyembamba vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, husoma megabaiti 3,500 kwa sekunde zikitumia njia nne za PCIe (njia za data za ubao mama) ya kizazi cha 3, na karibu 7,000 zikitumia kizazi cha 4. Zikiwekwa kando ya 550 za SATA, SATA inaonekana kama kitu cha makumbusho. Namba hizo ni za kweli, lakini ni za usomaji mfululizo, ambao mtu huuhitaji anapohamisha video za makumi ya gigabaiti na si anapofungua barua pepe. Mtu aliyetoka kwenye diski ya kuzunguka akiwekewa SATA leo na NVMe kesho, katika kazi za kawaida za ofisini atapata taabu kueleza ipi ni ipi.

Zaidi ya hayo, kompyuta ya zamani huenda haina pa kuiweka. Nafasi ya M.2, yaani tundu linalopokea vijiti hivyo, ilianza kuenea katikati ya miaka ya 2010, na kuwepo kwake hakumaanishi kwamba inapokea NVMe: nafasi nyingine za M.2 zinazungumza SATA peke yake, ingawa kijiti kinaingia vizuri na skrubu inafunga. Mtego mwingine ni kwamba ubao mama unaweza kuitambua NVMe mara mfumo endeshi unapokuwa umeshawaka, lakini usiweze kuwaka kutoka kwenye diski hiyo kwa sababu programu yake ya kuanzia iliandikwa kabla ya NVMe kuzoeleka. Kwa hiyo, kabla ya kununua kijiti chochote, soma mwongozo wa modeli yako na utafute mambo matatu: kama nafasi ni ya SATA, NVMe au zote mbili, kama kompyuta inaweza kuwaka kutoka humo, na urefu unaokubalika. Kijiti kilichoandikwa 2280 kina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na kompyuta nyingine ndogo zinachukua vifupi zaidi ya hapo.

SATA ya inchi 2.5 haina maswali hayo. Inakaa pale pale ilipokuwa diski ya zamani, kwa kebo au tundu lile lile. La kuangalia ni unene tu: SSD nyingi ni milimita 7, wakati nafasi za kompyuta mpakato za zamani zilitengenezwa kwa milimita 9.5, na fremu ndogo ya plastiki huziba pengo hilo. Kwenye kompyuta ya mezani, ambayo nafasi zake ni za inchi 3.5, utahitaji kibao cha kuishikia. Na kwa kuwa hakuna kinachozunguka ndani, hata ikifungwa kwa skrubu mbili badala ya nne haitapata madhara.

Je, kama SATA yenyewe ni ya kizazi cha pili, ile ya gigabiti 3 kwa sekunde? Kasi ya juu itashuka hadi kwenye megabaiti 270 hivi, lakini muda wa kulifikia kila ombi utabaki mdogo kama ulivyo. Sioni sababu ya mtu kuacha kwa ajili hiyo. Ila kama kompyuta inatumia ile kebo pana ya IDE ya kabla ya SATA, ningeiacha ipumzike. Vilevile, baadhi ya kompyuta mpakato ndogo zina hifadhi ya eMMC iliyochomelewa kwenye ubao mama. Hiyo haibadilishwi, na kama hakuna nafasi nyingine ya diski, mjadala umeishia hapo.

SSD au RAM

Swali hili halina jibu moja, bali lina mpangilio. Kompyuta yenye gigabaiti 2 za RAM iongezewe RAM kwanza, kwa sababu hata SSD yenye kasi sana ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na kuitumia SSD kuziba upungufu huo ni kuichosha bure. Yenye gigabaiti 8 haihitaji zaidi kwa kazi za kawaida, hivyo fedha yote iende kwenye SSD. Ugumu uko kwenye gigabaiti 4, kiwango ambacho kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilitoka nacho. Kwa maoni yangu SSD itangulie, kwa kuwa kila kitendo kinaigusa diski lakini si kila kitendo kinajaza RAM. Kisha RAM ifuate, maana gigabaiti 4 na kivinjari chenye kurasa 15 wazi havipatani.

RAM ina masharti makali kuliko diski. RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, kwani mkato wake uko mahali tofauti. Ndani ya DDR3 yenyewe, kompyuta mpakato nyingine zinataka DDR3L ya volti 1.35 na kuikataa ya volti 1.5. Nyingine zina RAM iliyochomelewa isiyoongezeka kabisa. Na kama Windows iliyopo ni ya biti 32, gigabaiti 8 utakazoweka hazitakusaidia, kwa kuwa toleo hilo la kawaida halivuki gigabaiti 4.

Ukiamua SSD, ipi?

Seli za chipu hutofautiana kwa idadi ya biti zinazobeba: TLC hubeba 3 na QLC hubeba 4. Kadiri biti zinavyoongezeka bei hushuka, uandikaji huwa wa taratibu, na seli huchoka mapema zaidi. Uchovu huu unaogopwa kupita kiasi. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500, kwa mfano, ina dhamana ya miaka 5 au terabaiti 300 za uandikaji. Mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, na hicho ni kingi kwa matumizi ya nyumbani, atafikisha terabaiti 7.3 kwa mwaka. Hata diski yenye dhamana ya nusu ya terabaiti hizo 300 ingedumu miaka 20 kwa hesabu hiyo, na kompyuta yenyewe haitafika huko.

Udhaifu wa QLC unaohisiwa ni wa aina nyingine. Diski hizi huwa na sehemu ya mbele inayopokea data kwa kasi, na ikijaa katikati ya kunakili mafaili makubwa, baadhi yake hushuka chini ya megabaiti 100 kwa sekunde, sawa na diski uliyoikimbia. Kwa diski itakayobeba mfumo endeshi ningechagua TLC, na ikiwezekana yenye DRAM yake ya ndani ya kuhifadhi ramani ya data, kwa sababu SSD za SATA zisizo nayo huanza kusuasua zinapokaribia kujaa.

Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Terabaiti 1 itaonekana kama gigabaiti 931, na gigabaiti 240 itaonekana kama 223. Gigabaiti 240 zinamtosha mwenye nyaraka na kivinjari. Mwenye picha na video aanzie 500. Bei ikiwa chini kupita kiasi kwa terabaiti kadhaa, na jina ni la mtengenezaji asiyejulikana, ichukulie kuwa ni bandia mpaka ithibitike vinginevyo: zipo diski zilizochezewa ili zitaje ukubwa zisio nao, na njia ya kuzinasa ni kuzijaza data hadi mwisho kisha kuisoma yote tena.

Kunakili diski nzima au kusakinisha upya

Kunakili kunavutia kwa sababu kila kitu kinabaki mahali pake. Nilijaribu njia hiyo kwenye kompyuta mpakato yangu ya mwaka 2012, yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 500. Data ilikuwa gigabaiti 180. Adapta niliyokuwa nayo ilikuwa ya USB 2.0, ambayo kwa vitendo huvusha megabaiti 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo nilitegemea saa 1 na dakika 40. Baada ya dakika 50 mstari wa maendeleo ulisimama, na diski ikaanza kutoa mlio mfupi unaojirudia, kama kucha inayogonga meza. Ilikuwa na sekta mbovu, yaani vipande visivyosomeka tena, na programu ya kunakili ilikuwa imeng'ang'ania moja kati ya hizo. Nikaacha, nikanakili folda zangu kwa mkono, nikasakinisha mfumo upya.

Tangu hapo nasoma kwanza takwimu za S.M.A.R.T. ambazo kila diski hujiwekea. Idadi ya sekta zilizohamishwa, au zinazosubiri kuhamishwa, ikiwa si sifuri, okoa mafaili muhimu kabla ya jambo lingine lolote na usahau kunakili diski nzima. Ikiwa diski ni nzima na mfumo ni safi, nakili bila wasiwasi. Ikiwa ni mfumo wa miaka mitano uliorundikana programu zisizojulikana zilitoka wapi, kuunakili ni kuhamia nyumba mpya na takataka za ile ya zamani.

Kazi ya mikono yenyewe ni ndogo. Ondoa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, kisha telezesha diski kwa mlalo kutoka kwenye tundu lake badala ya kuinyanyua, kwani ulimi wa plastiki wa tundu hilo huvunjika kwa urahisi. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa mpangilio ule ule wa mashimo. Chini ya yangu zilikuwa nane, moja fupi kuliko wenzake. Sikuliona hilo, na hadi leo kuna kinundu kidogo upande wa kulia wa kibodi, mahali skrubu ndefu ilipojaribu kutokea.

Lini kutafuta kompyuta nyingine

Hoja nzito dhidi ya SSD haitoki kwenye SSD. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) pamoja na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, huanzia kizazi cha 8 cha Core isipokuwa chache. Kompyuta ya mwaka 2013 itawaka haraka sana ikiwa na SSD, lakini haitakubaliwa rasmi na Windows 11. Mwenye nayo ana njia ya Linux, mfumo endeshi mwingine, ambayo kwa mashine yenye SSD na gigabaiti 4 za RAM hufanya kazi vizuri mno. Kama kazi yake inategemea programu ya Windows isiyo na mbadala, na mashine inatumika kwenye intaneti, basi fedha ya SSD na RAM aielekeze kwenye kompyuta nyingine, hata iliyotumika, mradi iwe ya mwaka 2018 au baada ya hapo.

Vivyo hivyo kama bawaba zimevunjika, betri imekufa na kioo kina mistari. Lakini SSD ya SATA haipotei: mashine ikifa, diski inahamia kwenye nyingine au kwenye kasha la USB, na hilo linafanya hasara iwe ndogo kuliko unavyodhani.

Diski ya zamani isitupwe

Diski ya kuzunguka bado inaishinda SSD katika kuhifadhi data nyingi kwa bei ndogo, na katika namna ya kufa. Ya kuzunguka mara nyingi hutoa onyo: mlio, ukimya usio wa kawaida, mafaili yanayokataa kufunguka. SSD aghalabu huondoka asubuhi moja bila kuaga, na mafaili yaliyofutwa humo hayaokoleki kwa urahisi, kwa sababu mfumo endeshi huiambia diski mara moja kwamba nafasi zake hazitumiki tena, nayo huzisafisha. Kwa hiyo anayeweka SSD anahitaji nakala rudufu zaidi ya alivyozihitaji zamani. Diski iliyotolewa, ikiwa S.M.A.R.T. yake ni safi, iwekwe kwenye kasha la USB kwa kazi hiyo hiyo. Ikiwa ina sekta mbovu, isikabidhiwe kitu chochote kipya.

Vyovyote iwavyo, usiifute wiki ya kwanza. Yangu niliiacha ndani ya droo kwa wiki sita, na katika wiki ya tano niliichomeka kwa kebo nikachukua folda ya alamisho za kivinjari ambayo sikuwa nimekumbuka kuinakili. Kuifungua kulichukua muda mrefu kuliko nilivyokumbuka.